Huzuni ya Nusu Saa

Niliachishwa matibabu kwa sababu nilijieleza vizuri mno.

Hakuna aliyenidhulumu. Mshauri alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini na viatu visivyopiga kelele, na siku hiyo alilifunga faili langu akatabasamu.

"Umepiga hatua kubwa," aliniambia. "Mwanzoni ulikuwa hujui uanzie wapi. Siku hizi unakuja umejipanga, unaeleza hali yako bila kupotea njia, na mara nyingine unanitajia hata dawa yake. Sioni sababu ya kuendelea kukutoza. Ukihisi vibaya, piga simu."

Nikasema ahsante. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Nje jua lilikuwa kali, nami nikasimama ndani yake kama nguo iliyoanikwa na kusahauliwa.

Aliyenipanga hivyo alikuwa mchumba wangu.

Yeye ni fundi wa majokofu, na kila mtu humwita Fundi, hata mimi. Mimi ni fundi cherehani, lakini jina hilo alishalichukua yeye, kwa hiyo mimi akanibatiza Bi Mkasi. Mama yangu alipofariki, na miezi ikapita na mimi nikawa siinuki kitandani mpaka nivutwe, ni Fundi aliyeuliza huku na huko mpaka akampata Mshauri. Mshauri alitusikiliza wote wawili, akasema ninahitaji saa nzima, kila wiki, kwa miezi sita. Akataja bei. Fundi aliitazama dari kama anayetafuta pa kuvuja.

Hospitali ya serikali tulikwenda pia. Tarehe ya karibu waliyokuwa nayo ilikuwa baada ya miezi saba. Karani alituandikia kwenye kadi, akatuasa tusiipoteze.

Basi tukachukua alichoagiza Mshauri tukakipunguza, kama mtu anavyopunguza suruali ya kurithi. Saa ikawa nusu saa. Wiki ikawa wiki tatu. Nusu saa ya kwanza niliimaliza kwa kulia na kutafuta leso, nikarudi nyumbani nimelipa bei ya magauni mawili kwa kilio ambacho ningekipata bure chumbani kwangu.

"Bi Mkasi," Fundi aliniambia siku ile, "wewe hutoa nguo tano kwenye kitambaa cha nguo nne. Maneno yatakushindaje?"

Ndipo tukaanza kufanya mazoezi. Kila siku moja kabla ya miadi nilikwenda karakana kwake mchana, tukakaa katikati ya majokofu yaliyofunguliwa matumbo. Yeye alivaa miwani yake ya kuchomelea, akakunja nne juu ya kreti, simu mkononi ikihesabu dakika.

"Karibu, dada," alisema kwa sauti nyembamba ya kishauri. "Wiki hizi zilikuwaje?"

Mimi nilieleza, yeye akanikata.

"Hapo kwa mama yako tulishapalipia mwezi uliopita. Paruke."

"Lakini bado pananiuma."

"Najua. Sema 'bado naomboleza,' maneno mawili, halafu usonge mbele. Tuna dakika kumi na tisa."

"Na nikilia?"

"Ukilia ni dakika nne. Lilia hapa, mpenzi. Hapa hatuna mita."

Nami nikalia pale, nimeegemea jokofu lisilo na mlango, na mkono wake wenye harufu ya gesi na sabuni ukawa shingoni kwangu. Nilimpenda sana siku zile. Baadaye nilizoea, nikawa silii pale wala kwa Mshauri. Huzuni yangu ilikuwa imeshonwa vizuri, ina pindo pande zote, inaingia kwenye nusu saa na dakika mbili zinabaki za kuagana.

Ilimpendeza Mshauri. Ingempendeza mtu yeyote.

*

Fundi alipopata habari kwamba nimeruhusiwa, alizima mtungi wa gesi, akaja mbio barabarani na aproni yake, akaninyanyua mbele ya wateja wangu. Nikaona uso wake kwa karibu. Ana macho yenye kope ndefu kuliko zangu, na zamani alipokuwa akinitazama hivyo nilikuwa nasahau nimeshika nini. Safari hii nilikumbuka kila kitu. Nilikuwa nimeshika kipande cha chaki.

"Umepona," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

Sikuongeza neno. Na hilo ndilo kosa ambalo halina wa kuchangia nami.

Maana nyuma ya furaha yake alisimama shangazi yake. Fundi amelelewa na Shangazi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na Shangazi alikuwa ameweka sharti moja tu: harusi haitakuwapo mpaka daktari mwenyewe atamke kwamba bibi harusi mzima. Hakulisema kwa siri. Alinitazama usoni, akaniambia, "Mwanangu anaoa mke, haoi wodi." Sasa daktari alikuwa ametamka. Siku nne baadaye ukumbi ukalipiwa, na ndugu wakapigiwa simu.

Zilibaki wiki saba. Mimi nikaendelea kushona.

Watu hudhani ugonjwa huu ni kilio. Kilio nilikitamani. Niliamka, nikapiga mswaki, nikafungua duka, nikala mkate, nikajua ni mkate kwa sababu nilikuwa nimeununua mimi. Fundi alinibusu jioni akitoka kazini, nami nikahesabu kimoyomoyo muda unaofaa kabla ya kuachia. Siku moja nilikaa mbele ya cherehani nikashona mstari ulionyooka mpaka kitambaa kikaisha, nikaendelea kukanyaga. Mteja ndiye aliyenigusa bega.

*

Shangazi alikuja dukani Jumamosi asubuhi, wiki ya tatu tangu niruhusiwe, akiwa amekumbatia mfuko wa satini ya zambarau.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Kwa miaka miwili alikuwa akiniita "wewe binti." Neno lile nilikuwa nimelingoja kama mvua, na sasa lilidondoka nikalitazama tu lilivyo.

"Nataka gauni la kukaa meza ya mbele," alisema, akiitandaza satini juu ya meza yangu. "Lisiwe la kibibi. Shingo ishuke kidogo, lakini isishuke hadi watu wakaniombea dua."

"Sawa, Shangazi."

"Mbona hucheki? Nimefanya mzaha."

Nikacheka. Nilitoa futi shingoni, nikaanza kumpima. Kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu. Aliendelea kusimulia habari za mapambo, za binamu anayetaka kuimba na hajui kuimba, za keki. Mimi nilipima na kuandika, nikapima na kuandika.

Alivaa miwani yake, akachungulia daftari langu.

"Kifua arobaini na mbili," alisoma. "Haya, Mungu amenijalia. Kiuno arobaini na mbili. Nyonga arobaini na mbili. Mimi ni pipa?" Akashusha kidole. "Mkono arobaini na mbili. Binti, huu ni mkono au bomba la maji?"

Nilitazama daftari. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Nitarudia, Shangazi."

Wakati huohuo Fundi aliingia, mafuta ya mashine hadi kwenye nyusi, chupa ya chai mkononi. Shangazi alimsukumia daftari. "Njoo uone mkeo anavyonishonea hema."

Akasoma akacheka. Kicheko chake kilikwenda hatua tatu kikasimama. Miaka miwili ananifahamu, na katika miaka hiyo hajawahi kuniona nikikosea hata robo inchi. Aliweka chupa chini polepole.

"Bi Mkasi, hebu nitazame."

Nikamtazama.

"Umelala jana?"

"Nimelala."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Unajisikiaje?"

Kila kitu kilikuwa tayari kinywani: bado naomboleza, lakini najitahidi, natembea kila asubuhi, nina watu wanaonipenda. Sekunde kumi na moja. Nilifungua mdomo niyatoe, nikamwona anavyosubiri, kope zile, mafuta yale, nikachoka. Kusema uongo pia kunataka nguvu.

"Sijisikii," nikasema.

"Hujisikii vizuri?"

"Sijisikii chochote. Sikupona, Fundi. Nilikuwa nimefanya mazoezi."

Shangazi alivua miwani.

"Kwa hiyo mmemdanganya daktari," Shangazi alisema.

"Hatukumdanganya," nikamjibu. "Alisikia kiasi tulichoweza kulipia."

"Na mimi je? Nimewaita watu, binti. Nimewaita watu wa ukoo mzima."

"Wiki tatu," Fundi alisema, kama hakumsikia. "Wiki tatu unanijua nilivyo na furaha, unanyamaza?"

"Ndiyo sababu nilinyamaza. Ulikuwa na furaha."

"Hiyo si sababu. Ni tusi." Sauti yake ilipanda, kitu ambacho si kawaida yake. "Mimi ni nani kwako? Mteja? Unanipa nguo iliyopigwa pasi na wewe umekaa uchi nyuma ya pazia?"

"Ulinifundisha wewe kupiga pasi."

Sikusema kwa hasira. Ningekuwa na hasira labda lingemuuma kidogo. Alirudi nyuma hatua moja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaitazama mikono yake.

"Paruke," alisema taratibu. "Nilikuwa nakwambia 'paruke.' Mama yako amekufa, mimi nakwambia 'paruke.'"

"Tulikuwa hatuna cha kufanya."

"Nilikuwa nafurahi ukimaliza kabla ya muda. Nilikuwa nakupigia makofi."

"Tulicheka sana," nikamwambia, kwa sababu ni kweli na kwa sababu sikupenda alivyokuwa anaitazama mikono ile.

Shangazi alianza kukunja satini yake. Aliikunja vibaya, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nisikilizeni nyote wawili," alisema. "Mnaniona mimi mwanamke mkatili. Mume wangu marehemu, mjomba wako yule uliyemkuta mzee, alikuwa na dada. Niliolewa nikiwa na miaka ishirini, nikamkuta wifi yangu ndani ya chumba cha uani, hali, haogi, hasemi. Nikapewa mimi nimtunze. Miaka tisa. Nilimlisha, nikamwosha, nikamwimbia, na hakunitazama hata siku moja kama ananijua. Alipokufa watu walinipa pole, mimi nikalala usingizi siku mbili. Nilikuwa sijalala miaka tisa." Akamgeukia Fundi. "Sikukulea ili urithi chumba kile."

Alikuwa hasemi uongo.

"Wifi yako alipelekwa kwa nani?" Fundi aliuliza.

"Kwa nani? Palikuwa na nani? Na kwa fedha ya nani?"

"Basi, Shangazi. Hapo ndipo tofauti ilipo."

"Tofauti gani? Wewe una fedha?"

"Ninayo ya harusi."

Hapo hata mimi niliinua macho. Shangazi alicheka kicheko kifupi, kikavu.

"Fedha ya ukumbi na mapambo na vyakula," Fundi alisema. "Ukumbi watarudisha nusu, nimesaini karatasi yao naijua. Vingine havijalipwa. Inatosha saa nzima, kila wiki, miezi minne. Tano nikipata kazi ya lile jokofu la bucha."

"Na watu uliowaita?"

"Nitawapigia."

"Utawaambia nini? Bibi harusi kichaa?"

"Nitawaambia bibi harusi anaumwa. Shangazi, maisha yangu yote natengeneza majokofu. Gesi ikiisha, jokofu haliambiwi lijikaze. Hakuna anayelipigia mawaidha. Unajaza gesi, unatafuta pale palipovuja, unaziba. Mimi nimejaza nusu, sikuziba kitu, halafu nikashangaa halipozi."

"Unanifananisha na jokofu," nikamwambia.

"Nisamehe. Sina mfano mwingine."

"Si vibaya. Ni baridi ileile."

Alitaka kucheka, ikamshinda. Shangazi alikuwa ameshika mfuko wake mkononi na hakuondoka. Mimi niliona kwamba zamu yangu imefika, na kwamba kama nina uungwana wowote ni wakati wa kuutumia.

"Fundi, niache," nikasema.

"Nini?"

"Oa mtu mwingine. Ukumbi si umelipiwa. Shangazi ana haki. Mimi sijui itachukua muda gani, na wewe una miaka thelathini na moja, una kope nzuri. Utapata."

"Nina kope nzuri," alirudia.

"Ndiyo."

Aliinuka, akaja mpaka upande wangu wa meza, upande ambao wateja hawaruhusiwi. Hakunigusa. Alikuwa ameanza kuogopa kunigusa, nikamwona.

"Nikuulize kitu, usinipimie jibu. Unanipenda?"

Shangazi aligeuka akatazama barabarani.

Nilitafuta. Nilitafuta kwa bidii, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, kwa kiganja, taratibu, asije akachomwa. Sikuchomwa.

"Sijui," nikasema. "Nakumbuka kwamba nilikupenda. Nakumbuka kama nyumba niliyowahi kuishi. Najua swichi ya taa iko upande gani, najua mlango upi unakwama. Lakini sasa hivi simo ndani."

Macho yake yalijaa maji. Ya kwangu yalikuwa makavu, na niliona aibu kwa ukavu wake.

"Nyumba bado ipo?" aliuliza.

"Ipo. Sijui kama nina ufunguo."

"Mimi nitakaa barazani," alisema. "Nikichoka nitakwambia nimechoka. Sitanyamaza kama wewe. Tumeelewana?"

"Ukichoka utaondoka?"

"Nikichoka nitakwambia. Hilo ndilo ninaloweza kuahidi leo. Likizidi hapo nitakuwa naongopa, na uongo mmeshauona unavyotugharimu."

Ndiyo maana nilikuwa nimempenda, nikakumbuka. Ilikuwa ni kumbukumbu tu, lakini ilikuwa na uzito wake.

Alitoa simu. Alianza na ukumbi, akaongea kwa adabu, akabishana kidogo, akasema sawa. Shangazi alisimama mlangoni, mgongo kwetu, satini kifuani. Kisha Fundi akabonyeza namba ya Mshauri, akaweka sauti kubwa, akanipa simu.

"Wewe zungumza," alisema. "Mimi leo sikuambii useme nini."

Simu ilipokelewa na msichana wa mapokezi. Nikamtajia namba ya faili langu. Nikasikia anapekua.

"Wewe uliruhusiwa, dada," alisema. "Imeandikwa hali nzuri."

"Naomba kurudi. Saa nzima. Kila wiki."

"Kurudi kunahitaji sababu, naijaza hapa kwenye fomu. Nieleze kwa kifupi."

Kwa kifupi. Neno lile nililifahamu kuliko jina langu. Nilimtazama Fundi, naye akaangalia pembeni makusudi, akalivuta daftari la vipimo karibu yake asije akanisaidia hata kwa macho.

"Mama yangu amekufa," nikasema. "Amekufa mwaka jana na bado amekufa. Nilikuwa namshonea gauni, halijaisha, liko kwenye sanduku na pini zake. Siwezi kulimaliza na siwezi kulifumua. Nilikuja kwenu mara saba nikasema mambo niliyoyapunguza nyumbani ili yaenee. Yale makubwa nilikuwa nayaacha, kwa sababu makubwa yanachukua muda. Chakula hakina ladha. Mchumba wangu ananibusu mimi nahesabu. Tulikuwa tufunge ndoa baada ya wiki nne, tumeghairi sasa hivi, yuko hapa mbele yangu analia na mimi sioni chochote, na ninajua kwamba ningekuwa mzima ningeanguka chini. Shangazi yake yuko hapa pia. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Kuna siku nashona kitambaa kimeisha. Sitaki kufa, usiandike hivyo. Nataka kutaka kitu. Kuna jambo jingine la mama, siku ya mwisho, hospitali, alivyoniomba maji, hilo sijamwambia mtu..."

Nilisimama kuvuta pumzi. Shangazi alikuwa ametoka mlangoni, amekaa kwenye kiti cha wateja. Sikumwona akikaa.

"Dada," msichana wa mapokezi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "pole sana. Lakini hapa kuna kisanduku kidogo tu. Yote hayo hayataenea."

"Geuza karatasi," nikamwambia. "Andika nyuma."